Spika ndefu za mtumba kwenye chumba kidogo: chumba ndicho kinachochagua

Chumba ninachosikilizia muziki kina urefu wa mita 3.6, upana wa mita 3, na dari lake liko mita 2.6 kutoka sakafuni. Naanza na vipimo hivyo kwa sababu ndivyo vilivyoamua karibu kila kilichonipata baadaye, ingawa wakati naanza kutafuta spika nilikuwa nasoma habari za chapa, mbao za makasha na wati, futi kamba imelala kwenye droo.

Nilikuwa na spika ndogo juu ya stendi. Sauti za waimbaji zilitoka safi, magitaa safi, lakini huku chini kulikuwa kutupu, gitaa la besi unalisikia kwa kulikisia. Nikajiambia kile ambacho watu wengi hujiambia: stendi inakalia sakafu sawasawa na spika ndefu, basi kwa nini mahali pale pale pasisimame kasha lenye ujazo mara mbili au tatu? Kwa hesabu ya sakafu hoja hiyo haina kasoro. Kwa hesabu ya hewa iliyomo chumbani ni habari nyingine, na mimi niliilipia ndipo nikaijua.

Kununua zilizotumika kwenyewe sikujutii hata kidogo. Spika haizeeki kama simu. Haina programu ya kupitwa na wakati, sumaku yake ya feriti haichoki kwa matumizi ya kawaida, na koni ya karatasi iliyotengenezwa miaka ya 1980 inaweza kupiga vizuri mpaka leo. Vinavyozeeka ni vichache na vinajulikana: ukingo wa koni, kapasita, na mafuta yaliyomo ndani ya baadhi ya twita, zile spika ndogo za sauti za juu. Halafu spika ndefu ndizo za kwanza kufukuzwa nyumbani mtu anapohamia kwenye nafasi finyu au mtoto anapoanza kutambaa, kwa hiyo mara nyingi muuzaji ana haraka kuliko mnunuzi. Mwenye subira huona bei ikishuka yenyewe.

Subira mimi sikuwa nayo. Jozi ya kwanza ilikuwa minara hasa, spika za njia tatu: twita juu, spika ya sauti za kati, wufa mbili (spika za besi) za inchi 8 chini, na tundu la hewa mgongoni. Muuzaji alikuwa amezisimamisha kwenye sebule ndefu iliyofunguka mpaka jikoni, zimesogezwa zaidi ya mita moja kutoka ukutani. Besi ilitoka kavu, inaingia na kuondoka kwa wakati wake. Tulisikiliza nyimbo chache, nikatoa pesa. Kila moja ilizidi kilo 30, na kuzipitisha mlangoni tu ilikuwa kazi ya watu wawili.

Nyumbani zikawa spika nyingine. Gitaa la besi likitembea kutoka nota hadi nota, nyingi zilipita kwa kiasi chake, kisha likifika kwenye G ya chini chumba kizima kilivimba na mlango ukatetemeka. Nota hiyo ilibaki inaning'inia wakati mpigaji ameshahamia nyingine. Akishuka zaidi hadi E, hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), sauti ilinywea tena. Mke wangu, ambaye hana habari na mambo haya, aliuliza kutoka chumba cha pili kama kuna lori limeegeshwa nje bila kuzimwa.

Hapo ndipo futi kamba ilipotoka kwenye droo. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20. Gawa namba hiyo kwa urefu wa chumba mara mbili, yaani 343 kwa 7.2, unapata karibu hezi 48. Hiyo ndiyo sauti ambayo wimbi lake linakaa sawasawa kati ya ukuta wa mbele na wa nyuma, likigonga huku na huku na kujiongezea nguvu. G ya chini ya gitaa la besi ni hezi 49. Upana wa mita 3 unatoa hezi 57, na urefu wa dari hezi 66. Kabla sijaunganisha waya wowote, chumba kilikuwa kimeshachagua nota zake tatu za kupigia kelele, na wufa nne za inchi 8 zilikuwa zinazilisha zote.

Chumba kikubwa nacho kina nota zake, ila zinaanzia chini zaidi na zinakuja nyingi zikiwa zimebanana, hivyo hakuna moja inayojitokeza sana. Chumba kidogo kina chache zilizoachana, na kila moja unaisikia kwa jina lake. Manfred Schroeder, mwanafizikia wa Ujerumani, ndiye aliyetoa hesabu ya mpaka ambao chini yake chumba ndicho mtawala. Kwa chumba changu cha mita za ujazo 28, chenye kochi na rafu ya vitabu, mpaka huo unaangukia karibu hezi 240. Sasa tafakari maana yake kwa mtu anayekwenda kununua. Besi yote, pamoja na sehemu ya chini ya sauti ya mwanamume, hukuisikia kwa muuzaji. Ulichosikia kwake ni sebule yake.

Nikanunua maikrofoni ya kupimia ya USB na kupakua Room EQ Wizard, programu ya bure. Mstari uliojichora kwenye skrini haukuacha shaka: kochi likiwa limegusa ukuta wa nyuma, kulikuwa na mlima wa desibeli 11 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye hezi 48, na bonde refu karibu na hezi 120. Nikavuta kochi hadi katikati ya chumba. Mlima ukaondoka na nota ile ikaondoka nayo yote, kwa sababu katikati ya chumba ndipo wimbi hilo lina shinikizo dogo kabisa. Maikrofoni iligharimu sehemu ndogo sana ya bei ya spika. Anayeanza leo ningemshauri ainunue kwanza, apime kwa spika yoyote aliyonayo ilimradi inafika hezi 50 hivi, aione tabia ya chumba chake, ndipo afungue matangazo ya wauzaji.

Lile bonde la hezi 120 lilikuwa na chanzo kingine. Sauti nzito haiendi mbele tu, huzunguka kasha, hugonga ukuta ulio nyuma ya spika na kurudi. Ikirudi imechelewa kwa nusu ya wimbi, inaifuta ile iliyokwenda mbele. Hesabu yake ni 343 kugawa kwa mara nne ya umbali kati ya uso wa spika na ukuta. Uso wa spika zangu ulikuwa sentimita 70 kutoka ukutani, jibu ni hezi 122. Roy Allison, mhandisi wa Marekani, aliliandikia jambo hili mwaka 1974, lakini bado unaweza kusoma matangazo ya spika kutwa nzima usilikute. Minara ya namna ile ina kina cha sentimita 40 au karibu yake, ongeza nafasi ya tundu la nyuma kupumua, na uso unajikuta umesimama mahali pabaya pale pale. Kuisogeza hadi mita moja kungeshusha bonde hadi hezi 86, ila kwa chumba changu zingekuwa zinapigia mapajani mwangu.

Kuziba matundu kulisaidia. Nilianza na soksi zilizokunjwa, kisha vipande vya sponji vilivyokatwa kwa kipimo cha tundu, na nota ziliacha kuning'inia kwa kiasi kikubwa. Zulia nene na mapazia yalituliza mwangwi wa sauti za juu, jambo jema, lakini besi haikuyajali. Paneli nyembamba za sponji za kubandika ukutani ndizo ninazowaonya watu zaidi kuhusu fedha yao: wimbi la hezi 48 lina urefu wa mita 7, na sponji ya sentimita 5 ni kama haipo. Kinachogusa besi kidogo ni pamba ya madini yenye unene wa sentimita 10 hadi 15 au zaidi kwenye kona, na chumba changu kona zake zilikuwa zimeshakaliwa na minara.

Niliziuza. Ukijumlisha usafirishaji wa kuzileta na punguzo nililompa mnunuzi, karibu thuluthi ya pesa ilipotea. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hazikuwa na ubovu wowote. Mtu wa kumlaumu hakuwepo, na spika zenyewe nilikuwa nimezipenda.

Safari ya pili nilitafuta kwa mpangilio mwingine, na jambo la kwanza lilikuwa aina ya kasha. Mwaka 1954 Edgar Villchur na wenzake huko Cambridge, Massachusetts, walitoa spika ya AR-1, ambayo kasha lake lilifungwa kabisa na hewa ya ndani ikatumika kama springi ya wufa. Kasha lenye tundu, ambalo hesabu zake zilipangwa vizuri baadaye na Waaustralia Neville Thiele na Richard Small, linatoa besi nyingi zaidi kwa ukubwa ule ule. Ila likifika mwisho wake linaporomoka desibeli 24 kwa kila okteva, yaani kila hezi zinapopungua kwa nusu. Lililofungwa linaanza kushuka mapema lakini taratibu, desibeli 12 kwa okteva. Chumba kidogo nacho, chini ya nota yake ya kwanza, huongeza shinikizo la besi kadiri unavyoshuka, japo kuta nyepesi na milango inayovuja hupunguza nyongeza hiyo. Mteremko wa kasha na mwinuko wa chumba vinakutana njiani. Ndiyo sababu spika iliyofungwa ambayo karatasi inasema inaishia hezi 50 inaweza kukushangaza kwenye chumba cha mita 3 kwa 3.6. Madukani siku hizi spika ndefu zilizofungwa ni adimu. Kwenye mtumba bado zinapatikana, na mara nyingi kwa bei ya chini maana wengi wanaziona hazina besi.

Kama hupati, chukua yenye tundu linalozibika. Kuna wanaosema tundu likiwa mbele tatizo limekwisha. Si kweli. Linakuruhusu kusogeza kasha karibu na ukuta, basi. Mlima wa hezi 48 haujui tundu liko upande gani.

Ukubwa wa wufa niliuwekea kikomo cha inchi 6.5. Jambo lingine ambalo halizungumzwi sana ni umbali wa kukaa. Nyumbani kwangu sikio linakuwa mita 2.2 hivi kutoka kila spika. Spika ya njia tatu yenye wufa karibu na sakafu na twita juu kabisa inahitaji nafasi ili sauti zake ziungane. Ukiikaribia mno unasikia ngoma inatoka magotini na upatu unatoka juu ya kichwa. Kwa hiyo nilikuwa naomba kiti, napima mita 2.2 kwa futi kamba mbele ya muuzaji, nakaa. Wengine walicheka. Kisha nasimama wimbo ukiendelea, nakaa tena. Sauti ikibadilika sana kati ya kukaa na kusimama, spika hiyo itakufunga kwenye nukta moja ya kochi.

Kuta za pembeni nazo ziko karibu kwenye chumba kidogo, na kinachotoka ubavuni mwa spika kinarejea sikioni haraka, kikichanganyika na kile kilichotoka moja kwa moja. Floyd Toole, mtafiti wa sauti, alifanya majaribio ya kusikiliza kwa kuficha spika nyuma ya pazia katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada miaka ya 1980, akaona kwamba wasikilizaji huzipenda spika zenye mlio ulionyooka mbele, usiopendelea nota yoyote, na unaoshuka kwa ulaini ubavuni. Kwa mnunuzi wa mtumba hii ni habari njema, maana spika nyingi za zamani zilishapimwa na magazeti. Jarida la Stereophile la Marekani huchapisha michoro ya vipimo pamoja na tathmini zake, na nyingi za zamani zinasomeka bure mtandaoni. Ukiwa na jina la modeli, dakika kumi za kusoma michoro hiyo zinakuokoa safari.

Wati nazitaja kwa ufupi. Usikivu wa spika ni kiasi cha sauti inachotoa kwa nguvu ile ile ya umeme, na desibeli 86 dhidi ya 90 maana yake ni kuhitaji nguvu mara mbili na nusu kupata sauti ile ile. Kwenye chumba kikubwa hilo ni tatizo. Kwenye changu, ambako nakaa karibu, amplifaya ya wati 40 haijawahi kufika hata nusu ya uwezo wake. Nilichoangalia kwa makini zaidi ni omu, kipimo cha upinzani wa umeme, kwa kuwa spika iliyoandikwa omu 8 inaweza kushuka hadi 3 kwenye sehemu fulani ya besi, na amplifaya ndogo huchemka hapo.

Ukaguzi sasa, na hapa niongee polepole.

Kabla ya kutoka nyumbani naomba picha zikiwa zimevuliwa vitambaa vya mbele. Muuzaji anayekataa kuvivua ameshakujibu. Naomba pia picha ya namba za mgongoni, nione kama jozi ilizaliwa pamoja, na picha ya kingo za chini za kasha. Mbao za kusaga zikinywa maji huvimba kama mkate uliolowekwa chai, na vinia, ile ngozi nyembamba ya mbao ya nje, inaachia hapo hapo chini kwanza, mahali ambapo picha za matangazo hukatwa.

Nikifika, kitu cha kwanza ni ukingo wa koni, ile sehemu laini inayounganisha koni na fremu. Ukiwa wa raba, unaubonyeza kidogo kuona kama bado unalegea au umekauka. Ukiwa wa sponji, swali ni umri. Sponji ya kingo za koni huoza yenyewe baada ya miaka 10 hadi 20, na joto na unyevu huiharakisha. Niliwahi kugusa ukingo wa wufa moja kwa ncha ya kidole, polepole kabisa, na kidole kikazama kama kwenye masizi. Kiliporudi kilikuwa cheusi na kinanata, na chembe zikadondoka juu ya sakafu ya mwenye nyumba.

"Lakini kaka, hizi hazijawahi kupigwa kwa nguvu," akaniambia yule muuzaji.

"Naamini, mzee wangu," nikamjibu, na niliamini kweli. Sponji haihitaji kupigwa ili ife, inakufa hata imenyamaza ndani ya kabati. Kubadilisha ukingo si gharama ya kutisha, fundi mzuri anaufanya na vifaa vyake vinauzwa, lakini ni lazima bei ya spika iseme hivyo. Mzee hakukubali kushusha, tukaagana vizuri.

Baada ya ukingo, natandaza vidole vinne kuzunguka katikati ya koni na kuisukuma ndani kwa usawa, milimita chache tu, sikio likiwa karibu. Koni nzima huenda na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inasugua sumaku, na hapo usijifariji. Twita usiiguse kabisa.

Kisha mita. Mita ya kawaida ya fundi umeme, iliyowekwa kwenye omu, ikigusa vituo viwili vya waya mgongoni mwa spika ikiwa haijaunganishwa na amplifaya. Spika ya omu 8 yenye wufa moja husoma kama 5.5 hadi 7, ya omu 4 husoma zaidi ya 3. Namba yenyewe si muhimu kama kulingana kwa makasha mawili. Kuna jozi niliyoipenda mno, ya wufa mbili mbili, iliyosoma 3.3 upande wa kushoto na 6.5 upande wa kulia. Wufa mbili za omu 8 zilizounganishwa sambamba zinatakiwa kusoma 3 na kitu, kwa hiyo kulia kulikuwa na wufa moja imekata koili kabisa. Wakati muziki unapiga koni yake ilikuwa inacheza, maana hewa ya ndani ya kasha ilikuwa inaisukuma, na kwa macho usingegundua. Muuzaji mwenyewe hakuwa anajua.

Angalizo moja: mita haikuambii lolote kuhusu twita. Mbele ya twita kuna kapasita, nayo inazuia umeme wa mita, kwa hiyo spika yenye vituo vinne itasoma kama imekatika kwenye vituo vya juu, vikitenganishwa na vya chini, hata kama twita ni nzima. Usimtuhumu mtu kwa hilo. Angalia pia vile vipande vya chuma vinavyounganisha vituo vya juu na vya chini. Vikikosekana, nusu ya spika haipigi, na wengine huziuza kwa bei ya kutupa wakidhani zimeungua.

Twita unaijua kwa sikio. Nakunja karatasi kuwa bomba, upande mmoja kwenye sikio, mwingine mbele ya twita bila kuigusa, sauti ikiwa chini, kisha nahamia spika ya pili na wimbo ule ule. Tofauti ambayo ukikaa kwenye kiti huisikii inakuwa wazi kabisa. Mwisho napiga mlio unaopanda kutoka hezi 20 hadi 200, taratibu na kwa sauti ya chini, nikisikiliza mitetemo: skrubu iliyolegea, ubao wa ndani ulioachia gundi, au koili inayogonga.

Kwa kipimo hicho cha bomba ndipo nilipoipata jozi ninayoitumia sasa. Makasha yamefungwa, ni membamba, yana kina cha sentimita 27, na kila moja lina spika mbili za inchi 6.5 zenye kingo za raba. Moja inapiga besi na sauti za kati, ya pili inasaidia besi peke yake. Zina umri unaopita miaka 25. Mita ilisoma sawa pande zote. Bomba la karatasi likasema twita ya kushoto imefifia, upatu unasikika kama umefunikwa kitambaa. Nikamwalika muuzaji asikilize mwenyewe kupitia karatasi. Alisikia, akakaa kimya kidogo, akashusha bei kwa robo bila mimi kutaja namba. Kumwonyesha mtu kitu kwa sikio lake mwenyewe ni tofauti kabisa na kumkosolea mali yake.

Zilisafirishwa zimesimama, misumari ya miguuni imefunguliwa, blanketi katikati, na kadibodi ngumu mbele ya koni. Usizilaze kifudifudi hata kwa umbali mfupi.

Fundi redio alizifungua akakuta mambo mawili. Mafuta ya sumaku ndani ya twita ya kushoto yalikuwa yamekauka yakawa kama gundi, na kapasita za elektroliti za krosova, saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita, zilikuwa zimehama kipimo chake. Nilitaka aweke kapasita za filamu za bei mbaya kila mahali. Akakataa.

"Bosi, aliyezichora spika hizi aliuhesabu na upinzani wa kapasita zile za zamani. Ukiondoa wote, twita itakupigia kelele."

Tukaweka elektroliti mpya zisizo na chanya wala hasi, za thamani ile ile, pande zote mbili kwa pamoja, hata ile kapasita iliyokuwa bado inapima vizuri. Ukibadilisha upande mmoja unatengeneza jozi isiyo jozi. Zilipofungwa tukagusisha betri ya volti 1.5 kwenye vituo vya besi kwa sekunde moja, kuona koni zinasogea upande gani. Cha msingi ni makasha yote mawili yafanye sawa. Moja ikitoka na nyingine ikiingia, waya umegeuzwa ndani, na besi nyingi itatoweka ukiwa kwenye kochi.

Nyumbani nimezisukuma karibu na ukuta mfupi, nyuma yake pamebaki sentimita 8 za kupitisha waya. Uso uko sentimita 35 kutoka ukutani, kwa hiyo lile bonde limehamia karibu hezi 245, ambako spika imeshaanza kuelekeza sauti mbele na bonde lenyewe limekuwa la kina kifupi. Kati yake kuna mita 1.8, na nimezielekeza ndani kidogo ili kuta za pembeni zipate sauti ndogo zaidi. Kochi limeondoka ukutani. Kichwa changu kiko mita 1.2 kutoka ukuta wa nyuma, theluthi moja ya chumba, na kule kusogea peke yake kuliushusha mlima wa hezi 48 kuliko sponji zote nilizowahi kununua. Kilichobaki nimekikata kwa kichujio kimoja kwenye kompyuta inayopiga muziki. Milima inakatika kwa namna hiyo. Mabonde usijaribu kuyajaza, utaishia kuchosha amplifaya na wufa huku bonde likibaki pale pale.

Hazishuki kama ile minara. Kinanda kikifika kwenye nota zake za mwisho upande wa kushoto, hezi 30 na chini ya hapo, nasikia kivuli chake tu. E ya gitaa la besi ipo, na G haivimbi. Kama muziki wako mwingi unaishi chini ya hezi 40 na chumba chako ni kama changu, nafikiri ungefaidika zaidi na spika ndogo juu ya stendi pamoja na sabwufa unayoweza kuihamisha mpaka ipate kona inayokubalika. Spika ndefu inalazimisha besi itokee mahali pale pale panapofaa kwa twita, na mara nyingi sehemu hizo mbili hazifanani.

Zile kapasita za zamani na misumari ya akiba nimezitia kwenye mfuko mmoja na kuubandika ndani ya kitambaa cha mbele cha spika ya kulia, pamoja na karatasi yenye thamani zake na tarehe ya kubadilishwa. Atakayezinunua kwangu siku moja atauliza, kama mimi nilivyouliza.